Kumtafutia Lulu Dume

Mwaka 2014 niliuza watoto saba wa mbwa. Mmoja alirudi.

Alirudishwa kwa bajaji, amelazwa juu ya kanga kuukuu miguuni pa mama aliyemnunua, muuguzi mstaafu aliyeishi peke yake Majengo, hapa Moshi. Nilimkumbuka mtoto yule: dume, mweusi mgongoni, mkubwa kuliko wenzake wote, wa kwanza kuchaguliwa. Sasa alikuwa na miezi kumi na hakuweza kuinuka bila kusaidiwa. Akisimama, miguu ya nyuma ilitetemeka. Akitembea, aliirusha yote miwili kwa pamoja kama sungura. Mama hakuja kugomba. Aliniambia, "Mwalimu, nimejaribu. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimempa maziwa, nimempa supu ya mifupa. Hainuki. Nisaidie."

Daktari wa mifugo alimpa dawa ya usingizi, akamlaza chali, akamnyoosha miguu na kumpiga eksirei. Kisha akanionyesha picha. Kichwa cha mfupa wa paja hutakiwa kuzama ndani ya kikombe cha nyonga, kama mchi ulivyotulia ndani ya kinu. Kwa mbwa huyu kichwa kilikuwa kimening'inia ukingoni, na kikombe chenyewe kilikuwa bapa kama kisahani. Pande zote mbili. Daktari hakunilaumu, aliuliza swali moja tu: "Baba yake alipimwa?"

Hakupimwa. Sikujua hata kwamba kuna kupimwa. Nilikuwa na jike aliyeitwa Tina, mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye mtaani kwetu huitwa tu mbwa wa polisi. Alipoingia joto nilimpeleka kwa dume la mfanyabiashara mmoja, dume lililosifiwa mji mzima. Liliitwa Kaiza. Lilikuwa kubwa, kichwa kama cha simba, mgongo umeteremka kuelekea mkiani kama paa la banda. Watu walisema babu yake alikuja kwa ndege kutoka Ujerumani. Nilichagua kwa macho, na malipo yalikuwa mtoto mmoja wa kuchagua. Nilijiona nimefanya biashara nzuri.

Mbwa yule alichomwa sindano ya mwisho siku ya Jumamosi. Nilimrudishia mama fedha zake. Alizihesabu, akaacha noti ya shilingi elfu kumi juu ya meza. "Ya mtu wa kuchimba shimo," akasema, akaondoka.

*

Marehemu baba yangu alikuwa askari polisi, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wake aliongoza mbwa. Nilipompelekea ile picha ya eksirei, aliishika juu ya mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ya jembe ni sawa. Lakini asiyechagua dume si mfugaji, ni dalali."

Niliumia, hasa kwa sababu sikuwa na la kumjibu.

Baba alifariki mwaka 2019. Miongoni mwa vitu alivyoniachia ni kaunta buku moja yenye jalada gumu, kingo zimeliwa na mende. Ndani yake kila mbwa aliyepita mikononi mwake ana ukurasa wake: jina, mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, alichofundishwa, anachokiogopa. Mstari wa mwisho wa kila ukurasa una neno moja, "alivyokufa", na mbele yake maelezo. Mmoja sumu. Mmoja uzee. Mmoja kupe na homa. Wawili "miguu ya nyuma".

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilipolisoma daftari lile nilitaka kujua lilianzia wapi. Maana baba hakubuni utaratibu huo. Aliurithi kwa waliomfundisha, nao waliurithi kwa wengine. Nikaanza kufuata nyuma, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikafika kwenye mbwa mmoja.

*

Mbwa huyo aliitwa Hektor Linksrhein. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1895. Mwezi Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe, alionekana na kapteni mmoja wa kikosi cha farasi aliyeitwa Max von Stephanitz. Wakati huo kila jimbo la Ujerumani lilikuwa na mbwa wake wa kuchunga kondoo, wa masikio haya au yale, wa mkia huu au ule, na mchungaji hakujali sura ili mradi kondoo hawaingii shambani mwa jirani. Stephanitz alitaka kuwafanya wawe aina moja. Alimnunua Hektor, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, na mwezi huohuo yeye na wenzake wakaanzisha chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani. Chama kikafungua daftari la nasaba. Namba moja katika daftari hilo ni Horand.

Kila mbwa wa aina hii aliyeandikishwa duniani leo, kuanzia yule wa rais hadi yule anayelinda ghala la mahindi Himo, ukifuata ukoo wake utamkuta Horand. Aina nzima ilijengwa kwa kuchagua dume.

Namna ilivyojengwa inatisha kidogo. Mwana maarufu wa Horand aliitwa Hektor von Schwaben, aliyekuwa bingwa wa Ujerumani mwaka 1900 na 1901. Hektor akapandishwa kwa jike ambaye naye alikuwa mtoto wa Horand. Wakatoka Beowulf na Pilot, na hao nao wakapandishwa sana kwa mabinti wa Hektor. Yaani binamu, mashangazi, ndugu wa baba mmoja. Wafugaji walifanya hivyo makusudi: ukitaka sura ishike haraka, rudia damu ileile. Maji hufuata mkondo. Ila mkondo haubebi maji peke yake. Sifa unayoiona na kasoro usiyoiona husafiri pamoja, na watoto wa ndugu wa baba mmoja wana asilimia 12.5 ya uwezekano, katika kila nafasi ya vinasaba vyao, wa kupata nakala ileile kutoka kwa babu yuleyule mara mbili. Kama nakala hiyo ni mbovu, hakuna ya pili ya kuiziba.

Kwa mtu wa Old Moshi, mwaka ule una kumbukumbu nyingine. Wakati Stephanitz anaandika namba moja kwenye daftari lake, Wajerumani walikuwa wakitawala hapa. Tarehe 2 Machi 1900, hata mwaka haujatimia tangu Karlsruhe, walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru. Kichwa chake kinaaminika kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, ambako wasomi walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu ili kuyapima. Familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Sisemi kwamba kupima mbwa na kupima mafuvu ya watu ni kitu kimoja. Nasema vilitoka katika nchi moja, wakati mmoja, na mara nyingine katika vichwa vilevile: kwenye kitabu chake kikubwa juu ya mbwa hawa, Stephanitz anateleza kutoka damu ya mbwa hadi damu ya watu, na maneno yake kuhusu Wayahudi yanachukiza. Kwa hiyo ninaposhika daftari la nasaba huwa nakumbuka mpaka wake. Mbwa tunamchagulia kwa sababu hawezi kujichagulia na sisi ndio tuliomfungia uani. Mpaka unaishia hapo.

*

Stephanitz alikuwa na jambo moja ambalo wengi waliomfuata hawakuwa nalo: alikubali kwamba amekosea.

Alichokitaka tangu mwanzo ni mbwa wa kazi. Kwake uzuri wa mbwa ulikuwa ni kufaa kwake. Lakini maonyesho yana nguvu zake. Majaji walipenda mbwa wakubwa, wafugaji wakawazalisha wakubwa, na kufikia miaka ya 1920 mbwa walikuwa wamekuwa warefu wa miguu, wenye umbo la mraba, na wengi wao waoga. Chama kikaanzisha ukaguzi. Mbwa hakupimwa tena kwa siku moja ya maonyesho tu, bali alikaguliwa mwili, meno na tabia, na mkaguzi akaandika afaa kuzalisha au la, na kama afaa, apewe mwenzi wa namna gani. Kisha mwaka 1925, akiwa jaji mkuu, Stephanitz akampa ubingwa dume aliyeitwa Klodo von Boxberg. Klodo alikuwa mfupi kuliko waliozoeleka, mrefu kidogo wa mwili, mtulivu. Kwa uamuzi mmoja wafugaji wa nchi nzima waligeuza shingo, na mbwa wakaanza kurudi chini.

Hapo nilijifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba dume linaweza kurekebisha. Jike kwa mwaka atazaa mara moja, pengine mara mbili. Dume anaweza kuwa baba wa mamia. La pili ni kwamba nguvu hiyohiyo inayorekebisha ndiyo inayoharibu. Aliyewageuza wote kwa Klodo alionyesha njia ya kuwageuza wote kwa yeyote.

Na waligeuzwa. Mwaka 1968 alizaliwa dume aliyeitwa Canto von der Wienerau. Alikuwa na mwendo mzuri ajabu, na watoto wake walimfuata. Alikufa mwaka 1972, bado kijana, lakini muda ule mfupi ulitosha. Leo ni mmoja wa nguzo ambazo juu yake mbwa wa maonyesho wa Ujerumani wamejengwa. Kitu ambacho hakikuonekana kwenye uwanja wa maonyesho ni kwamba alikuwa na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda.

Namna ugonjwa huu unavyorithiwa ni somo kwa kila mtu anayesema, "Watoto wake wa kiume wote wazima." Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ambayo dume humpa binti tu. Kwa hiyo wana wa dume mgonjwa ni wazima na hawana cha kurithisha. Mabinti wote hubeba ugonjwa, nao pia huonekana wazima. Ni wajukuu, watoto wa mabinti hao, ambao nusu ya wanaume kwa wastani watavuja damu wakiota meno, au wakichomwa sindano ya chanjo. Ukihukumu dume kwa watoto wake wa kwanza utampa cheti. Lawama itakuja miaka minne baadaye, nyumbani kwa mtu asiyejua hata jina lake. Ndiyo maana vyama vingi vya wafugaji Ulaya sasa vimeweka kikomo cha majike ambayo dume mmoja anaweza kupanda kwa mwaka. Dume zuri kupita kiasi ni hatari kama dume bovu, kwa sababu kila mtu humkimbilia.

*

Kulikuwa na njia nyingine, na ilianza wakati uleule wa Klodo. Mwanamke wa Kimarekani aliyeishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, alianzisha mlimani juu ya mji wa Vevey kituo kilichoitwa Fortunate Fields. Huko yeye na wenzake walizalisha wachungaji wa Kijerumani kwa kipimo kimoja tu, kazi. Kila mbwa aliwekewa kumbukumbu: usikivu wake, ujasiri wake, utayari wake wa kutii, mwili wake. Wakamchagua mzazi kwa kumbukumbu hizo. Mwaka 1928 kijana kipofu kutoka Nashville, Morris Frank, alisafiri hadi Uswisi na kurudi Marekani akiongozwa na jike aliyemwita Buddy. Mwaka 1929 shule ya mbwa wa kuongoza vipofu, The Seeing Eye, ikaanzishwa.

Shule hiyo iliendelea kuzalisha mbwa wake yenyewe na kuandika kila kitu. Ugonjwa wa nyonga ulikuwa umeelezwa kwa mbwa tangu mwaka 1935, na mwaka 1966 Wamarekani wakaanzisha taasisi ya kusoma picha za eksirei na kuzipa daraja. Wajerumani nao wakaanza kuweka alama ya nyonga kwenye vyeti. Lakini wafugaji wengi waliangalia nyonga za dume peke yake, wakashangaa watoto wakilemaa. Kasoro hii haitokani na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja na mchango wake, pamoja na chakula na kasi ya kukua. Dume mwenye picha nzuri anaweza kuwa na ndugu sita wabovu, na damu anayoibeba ni ya ukoo mzima.

The Seeing Eye walihesabu ukoo mzima: wazazi, ndugu, watoto, wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kwa kuchagua hivyo, katika vizazi visivyofika vitano, wachungaji wa Kijerumani wenye kasoro ya nyonga walipungua kutoka asilimia 55 hadi asilimia 24. Nilizisoma namba hizo usiku, Tina amekwisha kufa siku nyingi, na nilifikiria ile kanga kwenye sakafu ya bajaji. Bado asilimia 24 ni mbwa mmoja kati ya wanne. Ila 55 ni zaidi ya nusu.

*

Lulu nilimnunua Arusha, akiwa na miezi mitatu. Alikua jike wa wastani, rangi ya mchanga na nyeusi, msikivu, asiyebweka ovyo. Alipofika miaka miwili na nusu, watu wakaanza kuniuliza watoto. Safari hii sikuanza na dume. Nilianza na kaunta buku mpya, na ukurasa wa kwanza nikauandika Lulu.

Mama yake nilimjua. Kwa upande wa baba nilikuwa na jina tu. Nilimpigia simu aliyeniuzia, naye akanitafutia picha ya babu. Picha ilipoingia kwenye simu nilikaa chini. Mgongo umeteremka kama paa la banda. Alikuwa Kaiza.

Siku chache nilitaka kuacha kabisa. Halafu nikampeleka Lulu kwa daktari yuleyule. Gharama ya eksirei ilinifanya nisite, lakini nilikumbuka noti ya elfu kumi. Picha ilitoka: nyonga ya kushoto nzuri, ya kulia ya kadiri. "Si mbwa mgonjwa," daktari akasema. "Lakini huyu hana ziada ya kugawa. Akizaa, azae na dume anayemzidi kwa nyonga, tena lisilo na damu ya babu yake. La sivyo mfunge kizazi, awe mlinzi tu, utakuwa umefanya vizuri vilevile."

Dume la kwanza nililoliona lilikuwa zuri, jeusi, na mwenyewe hakutaka malipo. Nilimwuliza baba yake nani. Akanitajia. Nikauliza babu. Kaiza. Nikaenda la pili, upande wa pili wa mji: Kaiza tena, kwa mama. Kwa wiki mbili nilizunguka Moshi na daftari kama karani wa sensa, na nikagundua kwamba tulichokifanya hapa ni kilekile walichofanya Wajerumani, tofauti ni kwamba wao waliandika. Kila mtu alikuwa amekimbilia dume moja.

La tatu halikuwa na damu ya Kaiza. Liliitwa Rambo. Nilipofika getini lilibweka likirudi nyuma, mkia chini ya tumbo, na nilipomsalimia mwenyewe likanirukia kutoka ubavuni. "Mkali sana huyu," mwenyewe akasema kwa fahari. Baba angesema si mkali, ni mwoga. Mbwa jasiri hukuangalia kwanza. Mwoga huuma kwa sababu haoni njia nyingine, na woga hurithiwa kama masikio. Fikiria watoto wake saba kwenye nyua saba zenye watoto wa watu.

La nne lilikuwa kwenye shamba la kahawa upande wa Kibosho. Nilielekezwa na daktari. Liliitwa Sajini, na nikiri kwamba nilivunjika moyo. Lilikuwa na miaka saba, na kimo cha kawaida, sikio moja limepasuka, mgongo umenyooka, mvi mdomoni. Lilitoka chini ya mti, likasimama kunitazama, halafu likamtazama mzee aliyekuwa na kazi ya kulitunza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia una jike."

"Ninaye. Nimekuja kuliona dume."

"Liangalie." Akaliambia neno moja, nalo likapanda kilima nyuma ya mitambo ya kukobolea, mbio, likashuka mbio, bila kuchechemea na bila kurusha miguu. Miaka saba. Nilielewa ghafla kwa nini daktari alinituma huku. Magonjwa mabaya ya aina hii huja kwa kuchelewa. Kuna moja la uti wa mgongo, ambalo jeni yake iligunduliwa mwaka 2009. Huanza taratibu mbwa akiwa na miaka minane au zaidi, miguu ya nyuma ikiburuzika hadi kupooza. Nadhani ndilo baba aliloliandika mara mbili, "miguu ya nyuma". Ukipandisha dume la miaka miwili unanunua ahadi. La miaka saba limekwisha kutimiza sehemu kubwa.

Nilidhani mimi ndiye niliyekuja kuuliza maswali. Mzee alinikalisha kwenye kigoda, akaanza yeye.

"Jike lako lina umri gani? Limepandwa mara ngapi? Limechanjwa kichaa cha mbwa lini? Linazurura?"

Nikajibu.

"Limepimwa ile ya kutupa mimba? Na ule uvimbe wa sehemu za siri, daktari ameangalia? Hapa mbwa wa mitaani wanao wengi, na dume langu likiupata halitazaa tena wala halitapona kwa maji ya chumvi."

Nikamwambia daktari amemkagua na damu imechukuliwa.

"Nyonga?"

Nikatoa picha. Aliishika juu, akaielekeza kwenye jua, kama baba alivyofanya dirishani. "Ya kulia hii siyo nzuri sana."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini basi unataka azae?"

Hilo sikuwa nimejiandaa. Nilianza kusema habari za watu wanaoomba watoto, nikaona aibu. Nikamweleza habari ya mwaka 2014, yote, hadi ile noti. Nilisema nataka kujua kama naweza kuifanya kazi hii bila kumdhulumu mtu wala mnyama. Alinyamaza. Sajini alikuwa amelala kivulini, kichwa juu ya kiatu chake.

"Lete picha ya dume uone na wewe," hatimaye akasema, akimwita kijana akalete bahasha ofisini. Nyonga za Sajini zilikuwa mchi na kinu. Dada yake mmoja na mtoto wake mmoja walikuwa wamepimwa pia. "Sitaki mtoto wa kuchagua," mzee akasema. "Nataka uniambie walivyokuwa. Wote. Hata wabaya."

*

Lulu alipoingia joto tena tulisubiri. Damu ya siku za kwanza haina maana kwa dume. Jike hukubali karibu na siku ya kumi, wengine kumi na mbili, kumi na tatu. Tulimpeleka yeye kwa dume, kwa sababu dume kwenye uwanja wa wenyewe hujishughulisha na kunusa kuta. Walipandana siku ya kumi na moja na ya kumi na tatu, wakanasana kama dakika ishirini, na mzee alisimama amewashika wote wawili ili wasivutane wakaumizana. Siku ya sitini na mbili, usiku wa mvua, walizaliwa watoto sita. Mmoja alikufa kabla ya asubuhi.

Waliobaki watano niliwauza kwa sharti. Gharama ya eksirei moja ilikuwa ndani ya bei: mbwa akitimiza mwaka mmoja, anarudi apimwe, mimi nalipa. Watu wawili waliniona nimerukwa na akili wakaenda kununua kwingine. Watano walikubali. Mwaka ulipotimia walirudi wanne. Mmoja alikuwa amehamia na wenyewe Mwanza. Watatu nyonga nzuri. Wa nne, jike, ya kulia imelegea, zaidi hata ya mama yake. Hachechemei, anakimbia, mwenyewe anampenda. Tumekubaliana hatazaa. Lulu naye nilimfunga kizazi. Nilipanda Kibosho kumpa mzee taarifa, na wa nne nilimtaja kwanza.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Nimeandika."

Nilikuwa nimeandika, lakini jioni ile nilipofungua kaunta buku niliona limeanza na Lulu, kana kwamba kabla yake sikuzalisha mbwa. Mbele ya ukurasa wa Lulu kulikuwa na karatasi moja tupu, ile ya jalada. Nikaandika Tina, nikaandika Kaiza, nikaandika watoto saba. Wa kwanza kuchaguliwa, dume, mweusi mgongoni, mzaliwa wa 2014, sikujua hata jina lake. Nilimpigia simu yule mama. Bado yupo Majengo, na alinitambua kwa sauti.

"Samahani mama, lile dume nililokuuzia, ulikuwa unalitaja kwa jina gani?"

Alikaa kimya kidogo, halafu akacheka. "Popi," akasema. "Lile lote lilivyokuwa kubwa, nilikuwa naliita Popi."

Nikaandika Popi. Kwenye mstari wa mwisho, mbele ya neno "alivyokufa", nikaandika: nyonga, kwa sababu sikuuliza.